Njia ya Waungwana: Kutoka Milima ya Bunia Hadi Tembe la Kwihara

Oktoba 1860 msafara wa John Hanning Speke na James Grant uliacha pwani ukaelekea bara. Mkuu wa msafara alikuwa Sheikh Said bin Salim, Mwarabu wa Unguja aliyekuwa amewahi kumwongoza Richard Burton kwenye njia hiyohiyo mwaka 1857. Chini yake walikuwamo wapagazi, askari na watumishi, na mmoja wao, kwa jinsi Henry Morton Stanley alivyokuja kuandika baadaye, alikuwa kijana wa kutunza hema aitwaye Uledi. Walifika Unyanyembe, Tabora ya leo, Januari 1861. Hapo mkuu na kijana wakaachana. Sheikh Said aliugua, akabaki. Uledi aliendelea na safari ya kaskazini mpaka Unyoro, na habari zake zikakatikia huko.

Miaka 26 ilipita. Septemba 1887 Stanley, akiwa anapasua msitu wa Ituri kutoka magharibi, alifika kwenye makazi makubwa kando ya mto. Mwenye makazi alikuwa tajiri wa pembe za ndovu, mwenye bunduki, wake, watumwa na mashamba, ambaye wenyeji walimwita Ugarrowwa. Alikuwa Uledi yuleyule.

Said bin Salim naye hakuondoka Unyanyembe upesi. Akawa liwali wa Waarabu wa huko, na akawa na nyumba katika kijiji cha Kwihara, kilomita chache kusini magharibi ya Tabora. Nyumba hiyo ipo mpaka leo. Imejengwa upya, inatunzwa, na wageni wanaitembelea. Ila ukiuliza njia, usiulize nyumba ya Said bin Salim, maana watu wataduwaa. Uliza Tembe la Livingstone.

Mimi ni mtu wa Bunia. Kiswahili ninachoandikia makala hii kiliingia kwetu kwa miguu ya watu wa Ugarrowwa na wenzake, wale walioitwa waungwana, au Wamanyema, kwa kuwa wengi wao walitoka Manyema upande wa Nyangwe na Kasongo. Hatukuwa na lugha moja kabla yao. Wabira, Wahema, Walendu, Wanyali, Walese, kila mmoja alikuwa na yake. Leo sokoni Bunia mwenye samaki kutoka Kasenyi na mwenye maharage kutoka Djugu wanaafikiana bei kwa Kiswahili bila hata kufikiri kwamba kuna jambo la ajabu hapo. Ndiyo maana nimeifuata njia hiyo kinyumenyume, kutoka mwisho wake kwetu mpaka kwenye ua wa nyumba ya Kwihara. Nilitaka kuona kilichohifadhiwa, na nilitaka kujua kimehifadhiwa kwa jina la nani.

Upande wetu njia inaanzia kwenye barabara ya Kasenyi. Unatoka Bunia kuelekea kusini mashariki, unapita Bogoro, nyanda zinafunguka mbele yako, zimejaa nyasi na ng'ombe, kisha ghafla ardhi inakatika na Ziwa Albert linaonekana chini kabisa, na ng'ambo yake milima ya Uganda. Stanley alifika ukingo huo tarehe 13 Desemba 1887. Alikuwa ametoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, tarehe 28 Juni, akiwa na watu 389, wengi wao vijana wa Unguja. Chini ya nusu yao ndio walioliona ziwa siku hiyo. Wengine walikuwa wamekufa kwa njaa, kwa mishale na kwa madonda, wengine wametoroka, wengine wameachwa nyuma wagonjwa.

Stanley alikuwa anamtafuta Emin Pasha, daktari Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, aliyekuwa gavana wa Ekwatoria kwa niaba ya Misri na aliyezibiwa njia na vita vya Mahdi kule Sudani. Watu wa ziwani walimjua kwa jina la Malleju, mwenye ndevu. Habari za safari hii zimeandikwa kwa wingi na wageni wenyewe, na karibu kila ukurasa unawahusu wao. Lakini soma taratibu utakuta watu wetu wamo ndani. Yupo Mazamboni, mtawala wa Undussuma, ambaye watu wake walipambana na msafara huo Desemba 1887 na vijiji vyao vikateketezwa kwa moto; miezi minne baadaye akachanjiana damu ya undugu na mmoja wa maofisa wa msafara uleule. Yupo Kavalli, mtawala wa Wahema wa juu ya ziwa, aliyehifadhi barua ya Emin mpaka ilipomfikia Stanley. Tarehe 29 Aprili 1888 Emin alikuja kwa meli yake ya moshi, wakakutana chini ya milima hiyo. Tarehe 10 Aprili 1889 msururu wa watu wapatao 1,500 uliondoka kwa Kavalli kwenda pwani, ukafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba mwaka huohuo.

Si wote waliofuata. Askari wa Kisudani waliobaki kwa Kavalli chini ya Selim Bey walikaa pale mpaka mwaka 1891, ndipo Kapteni Frederick Lugard alipokuja kuwachukua na jamaa zao, akawapeleka Uganda. Wanubi wa Uganda wanatokana kwa sehemu kubwa na watu hao. Kwa hiyo kilima kimoja karibu na Bunia ni chimbuko la jamii nzima iliyoko ng'ambo ya mpaka. Kwa watoto wetu ni kilima tu.

Ukirudi magharibi, ukavuka Irumu na kuingia msituni, unakuta njia yenyewe ya waungwana. Stanley aliitumia kwa lazima. Alimwachia Ugarrowwa wagonjwa 56, na baadhi yao wakafia hapo. Mwezi uliofuata alifika Ipoto, makazi ya bwana mwingine wa pembe aitwaye Kilonga-Longa. Hapo Wazanzibari wa msafara waliuza nguo zao, hata bunduki walizokabidhiwa, ili wapate mahindi. Mashamba ya Ipoto yalikuwa yamejaa chakula, na nje ya mashamba hayo watu walikuwa wanakufa njaa, kwa sababu vijiji vya kandokando vilikuwa vimeporwa vyote.

Kuna habari moja ya Ipoto ambayo siwezi kuipita. Daktari wa msafara, Thomas Heazle Parke, aliachwa hapo pamoja na wagonjwa mpaka Januari 1888. Humo alimnunua mwanamke wa Kimbuti kwa maharage kidogo, vikombe vya mchele na vya mahindi. Mwanamke huyo alimpikia, akamtafutia kuni na mboga za porini, akamtunza alipokuwa hoi kwa homa, kwa muda uliozidi mwaka. Safari ilipoelekea pwani alikuwa mgonjwa, hakuweza kwenda, wakamwacha. Parke ana sanamu yake Dublin, nchini Ireland, hadharani, mbele ya makumbusho. Jina la mwanamke hatunalo.

Makazi yale ya msituni yalikuwa na nyumba nzuri. Stanley, ambaye alikuwa ameona nyumba nyingi, anakiri hivyo. Waungwana walijenga kama walivyojifunza Manyema na Unyamwezi: kuta za udongo zilizonyooka, baraza mbele, ua ndani, milango ya mbao, na pembeni mashamba ya mpunga ambao msitu haukuwa umeujua. Leo huoni ukuta hata mmoja. Sababu ya kwanza ni udongo wenyewe. Katika msitu wa Ituri mvua hainyeshi kwa ratiba, unyevu haukauki, mchwa hawalali. Nguzo isiyochomwa mwisho wake kabla ya kuzikwa huliwa baada ya misimu michache. Nyumba ya potopoto inaishi kwa sababu kuna mtu anayeikandika upya kila mwaka. Mtu huyo akiondoka, paa la majani ya mangongo linaoza, maji yanaingia kichwani mwa ukuta, ukuta unayeyuka kurudi ardhini. Ngome ya Bodo, ambayo watu wa Stanley waliijenga kuanzia Januari 1888 magharibi ya Irumu na kuizungushia mashamba ya mahindi na maharage, iliachwa Desemba mwaka huohuo na msitu ukaichukua.

Sababu ya pili ni vita. Kati ya 1892 na 1894 Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold ilipigana na mabwana wa Kiswahili kwa ajili ya bonde la juu la Kongo. Nyangwe ilitekwa Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka uleule. Miji hiyo miwili ilikuwa na mitaa, misikiti, bustani za matunda na maelfu ya wakazi. Nimeisoma Kasongo katika maelezo ya maofisa wa Dola Huru walioiingia, nao wanashangaa kwa magodoro ya hariri waliyoyakuta. Mji uliporwa, kisha ukahamishwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyekuwa mkubwa wa Kasongo na ambaye mwaka 1887 Leopold mwenyewe alimfanya liwali wa Maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, alikuwa ameshaondoka. Alifariki Unguja Juni 1905, katika Mji Mkongwe ambako nyumba yake ingali imesimama.

Kutoka Kisangani mpaka Ujiji, basi, njia hii haina nyumba ya wakati ule ambayo mtu anaweza kuingia akasema: hapa ndipo walipolala. Ina makaburi, ina miembe, ina misikiti iliyojengwa baadaye, na ina wazao. Miembe ya waungwana hufuata njia kuliko ramani yoyote. Ujiji kuna makumbusho mahali ambapo Stanley na Livingstone walikutana mwishoni mwa 1871, lakini huko pia nyumba zao zimetoweka.

Kwa hiyo Kwihara ni mahali pa pekee. Kutoka Kigoma unapanda treni ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, na unapita kwa siku moja nchi ambayo Stanley na Livingstone waliikata kwa karibu majuma manane: waliondoka Ujiji tarehe 27 Desemba 1871 wakaingia Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Kijiji kimetulia. Tembe limekaa chini, pana, rangi ya ardhi iliyolizunguka, na kitu cha kwanza kinachokusimamisha ni mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Unguja, mbali kabisa na bahari.

Namna lilivyojengwa ndiyo historia yenyewe. Tembe ni ujenzi wa watu wa nyanda kavu za kati: Wanyamwezi, Wagogo na majirani zao. Vyumba vinapangwa kuzunguka ua wa mstatili, migongo yao ikitazama nje bila madirisha ya maana. Kuta ni nguzo na fito zilizokandikwa udongo, nene. Juu hakuna mgongo wa paa. Boriti hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake fito, juu ya fito majani, na juu ya vyote hivyo udongo unaoshindiliwa mpaka mtu aweze kutembea na kuanika nafaka. Ng'ombe hulala uani, adui hubaki nje, na moto wa mishale haupati pa kushika. Waarabu na Waswahili waliofika Unyanyembe hawakuleta ujenzi wao mzima wa mawe na chokaa, kwa sababu matumbawe hayako Unyamwezi. Walichukua tembe la wenyeji, wakaliongezea baraza ya kukaribishia wageni, ghala za pembe na nguo, sehemu ya wanawake iliyojitenga, na mlango wa nakshi. Mafundi wa kushindilia udongo walikuwa Wanyamwezi. Mfumo wa vyumba ulikuwa wa pwani. Nyumba nzima ni mkataba wa watu wa namna mbili, na mtindo huo ndio uliosafiri mpaka Nyangwe, mpaka Ipoto, mpaka kwetu. Nilipousoma ua ule kwa macho niliona kwa mara ya kwanza jinsi makazi ya Ugarrowwa yalivyoweza kuwa.

Stanley alipewa nyumba hiyo mwaka 1871, alipofika Unyanyembe mwezi Juni akielekea Ujiji. Liwali alikuwa Said bin Salim. Mgeni aliingia, akapanga mizigo yake ghalani, na baada ya majuma machache akajikuta vitani. Mirambo, mtawala wa Urambo aliyekataa Waarabu wapite nchini kwake bila masharti yake, alikuwa amefunga njia ya Ujiji. Waarabu wakamshambulia, Stanley akajiunga nao, wakashindwa vibaya. Agosti 1871 Mirambo aliingia Tabora akaichoma, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa na vijana wake. Kwihara wakaona moshi. Stanley akaigeuza nyumba ya liwali kuwa boma, akatoboa kuta matundu ya bunduki, akangoja. Mirambo hakuja. Mwezi uliofuata msafara ulitoka kwa kuzungukia kusini. Mwingereza John Shaw, aliyerudishwa njiani kwa ugonjwa, alifia Kwihara.

Kisha nyumba ikapokea wageni wawili kwa pamoja, Februari 1872. Livingstone alikuwa anatoka Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni walipokimbilia mitumbwi. Aliandika yote. Stanley alipoondoka Kwihara tarehe 14 Machi 1872 alibeba maandishi ya mzee huyo kwenda Ulaya, na ushahidi wa Nyangwe ulikuwa moja ya mambo yaliyoisukuma Uingereza kumlazimisha Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja Juni 1873. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya mahali lilipopitia. Maneno yaliyosaidia kulifunga soko yalipita katika nyumba ya mtu aliyeishi kwa biashara ileile. Nyangwe na Kwihara zilikuwa vituo vya njia moja, na pembe zilizobebwa na mateka wa Manyema ndizo zilizojaza ghala za nyumba kama hii.

Livingstone alikaa humo peke yake tangu Machi mpaka Agosti, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Walikuja, watu 57. Tarehe 25 Agosti 1872 aliondoka nao kuelekea kusini, na hakurudi akiwa hai. Alikufa kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba.

Oktoba 1873 waliufikisha Kwihara. Katika nyumba hiyohiyo sasa alikuwa amefikia Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone na aliyechelewa. Chuma alitangulia na barua. Cameron akashauri mzee azikwe hapohapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari na wapagazi wengi walikuwa na miiko juu ya maiti. Wale watu wakakataa. Walikuwa wameshatembea miezi mingi na mzigo huo, wamepigana, wamezika wenzao njiani, na uamuzi ulikuwa wao. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Livingstone alizikwa Westminster, London, tarehe 18 Aprili 1874. Kwangu mimi tukio kubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea Kwihara ni lile la watu wasiokuwa na cheo wala bendera kusimama mbele ya ofisa wa jeshi la majini la Uingereza na kumwambia hapana.

Baada ya hapo wafanyabiashara walihama au walifilisika, Wajerumani wakaja, biashara ya pembe ikageuka njia, na tembe likaanguka. Lilijengwa upya katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, juu ya misingi yake, kwa udongo na boriti, kwa umbo la zamani. Baada ya uhuru Tanzania iliendelea kulitunza kama eneo la mambo ya kale. Kuna ramani, kuna nakala za barua, kuna picha. Kazi ya kulisimamisha ilifanywa kwa heshima na ninaisifu bila kusita, maana paa la udongo ni mtoto mchanga: ukiliacha msimu mmoja wa masika bila kulishindilia upya, limeshapata jeraha, na lililoko Kwihara limelelewa kwa miongo mingi na mafundi wa kijijini ambao hawatajwi kokote.

Lakini jina si sahihi, na mpangilio wa kinachosimuliwa ndani si wa haki. Livingstone alikuwa mgeni kwa miezi michache katika nyumba ya mwenzake. Waingereza waliolijenga upya walikuwa wanamtafuta mtu wao, na walimpata, hilo linaeleweka. Sisi tulioachiwa nyumba hatuna sababu ya kuendelea kuisoma kwa miwani yao. Mwenye nyumba alikuwa Said bin Salim, mkuu wa misafara ya Burton na Speke, na bila yeye vitabu vya watu hao visingekuwapo. Waliojenga walikuwa Wanyamwezi. Waliolala uani walikuwa wapagazi na watumwa kutoka Manyema. Wazee wa Tabora wanajua hayo. Bango la mlangoni halisemi.

Najua wapo watakaouliza kwa nini mtu wa Ituri atake jina la mfanyabiashara wa pembe na watu lirudishwe mlangoni. Nalitaka kwa sababu ya ukweli. Nyumba ikiitwa ya mmisionari, mgeni anatoka humo na hadithi ya upole. Ikiitwa ya Said bin Salim, italazimika kueleza ghala zilijazwa na nini, nani alizibeba pembe, wapi zilitoka, na vijiji gani vilibaki majivu ili zipatikane. Hapo Ituri itaingia katika maelezo ya Kwihara, nasi tutajiona. Kiswahili chetu kilitoka katika ua huo pamoja na minyororo. Babu zetu walikipokea mkononi mwa mtu aliyeshika bunduki, kisha wakakifanya chao, wakaombea kwacho, wakaoana kwacho. Mambo yote mawili ni ya kweli na lazima yakae chumba kimoja.

Narudi Bogoro, kwenye barabara ya Kasenyi, pale Stanley alipopita. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji hicho kilishambuliwa katika vita vyetu wenyewe. Watu waliuawa ndani ya nyumba zao na nyumba zikachomwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo, Machi 2014, na miongoni mwa makosa yake mlikuwamo kuharibu mali, yaani nyumba za watu. Machi 2017 majaji waliagiza fidia kwa wahanga 297: dola 250 kwa kila mmoja kama ishara, na misaada ya pamoja, ukiwamo msaada wa makazi. Sijui kesi nyingine nyingi ambamo majaji huko The Hague walikaa kupima thamani ya nyumba za udongo za kijiji cha Ituri, ukuta, mabati, godoro, mbuzi. Walizipima. Kwa hiyo haiwezekani tena kusema kwamba nyumba ya potopoto haina thamani ya kuandikwa.

Ituri imekuwa mkoa unaojitegemea tangu 2015, na tangu Mei 2021 iko chini ya utawala wa kijeshi. Najua vipaumbele. Watu wako kambini, barabara hazipitiki, na kuna vijiji ambavyo vimejengwa na kuchomwa mara zaidi ya moja. Siombi makumbusho ya fahari. Naomba mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Walimu wa historia wa Bunia, wa sekondari na wa vyuo vikuu, wapeleke wanafunzi wao kwa wazee wa Kihema na wa Kilendu wa barabara ya Kasenyi wakaandike wanavyokumbuka juu ya Kavalli na Mazamboni, kwa majina ya mahali yanayotumika leo, kabla kambi hazijawatawanya wazee hao zaidi. Familia za waungwana zilizoko Mambasa, Irumu na Mawambi, ambazo zina nasaba zilizoandikwa au zinazotajwa kwenye maulidi na matanga, zikubali kuzisomea watoto wao na kuwaachia wanakili, hata pale nasaba inapotaja mtumwa au mwenye mtumwa. Na Wambuti waulizwe, kwa lugha wanazozungumza, juu ya miaka hiyo. Hakuna aliyewauliza kwa dhati.

Wenzetu wa Tanzania wanaosimamia Kwihara, nao nawaomba kitu kimoja. Acheni jina la Livingstone ukutani, kwa kuwa alilala hapo. Wekeni juu yake jina la mwenye nyumba, na pembeni choreni ramani ya njia nzima, isiyoishia Ujiji. Iendelee Kasongo, Nyangwe, Kisangani, ipande mto mpaka kwa Ugarrowwa na Ipoto, itokee kwenye nyasi za Bunia na kuishia ukingoni mwa Ziwa Albert, ili mtu wa Ituri akiingia kwenye ua huo aone kijiji chake kimeandikwa.